Vumbi la Mvule

Mwezi uliopita nilipelekwa Merigi kumzika Chumo, mtoto wa rafiki yangu Kiprono, na huko nikawaaibisha watoto wangu. Nasema nilipelekwa kwa sababu siku hizi siendi mahali, napelekwa, nimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele na kuonywa nisifungue dirisha. Watu walipopanga foleni kupita mbele ya jeneza, mimi nilisimama nikalikwaruza kwa ukucha. Lilikuwa linang'aa, lina mistari mizuri ya mti mwekundu, na chini ya ukucha wangu ile mistari ikabanduka: karatasi iliyochapwa picha ya mbao, imegandishwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Binti yangu alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Baba, tafadhali." Nikamwambia kwamba mtu aliyeishi miaka sitini na kitu, akalea watoto saba, hastahili kuzikwa ndani ya picha ya mti. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, maana masikio nayo yamezeeka. Kisha mpwa wa marehemu akasoma historia yake, akasema Chumo alizaliwa Kericho mjini katika miaka ya Hali ya Hatari, na kwamba alipewa jina la ndugu mkubwa wa baba yake, aliyefia msituni akikata mbao. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitafuta kiti nikakaa. Katika umati ule wote nilikuwa mtu pekee aliyebaki hai anayejua jinsi jina lile lilivyopatikana, na nimelinyamazia tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu.

Kwetu ni Kisii, na mambo ya kwetu nitayaacha, si ya leo. Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi Kericho kwa Fundi Mohan, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na mikono iliyokosa vidole viwili, aliyetengeneza samani za nyumba za mameneja wa mashamba ya chai. Hakuwa na samani ya kuuza dukani. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe kabla hakijatengenezwa: meza ya fulani, kabati la fulani, kitanda cha fulani ambaye ana mgongo mbovu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchagua mbao. Watu hudhani kuchagua mbao ni kutazama. Macho ndiyo ya mwisho. Kwanza unainua ubao upande mmoja ili ujue uzito wake, kwa sababu ubao mzito kupita kiasi bado una maji. Halafu unagonga kwa kifundo cha kidole, kwenye ncha zote mbili na katikati, na ukisikia mahali sauti inapokufa unajua ndani kuna ufa. Halafu unanusa. Ndipo unatema mate kwenye kiganja, unapaka, na mti unakuonyesha rangi utakayokuwa nayo ukishapigwa polishi. Fundi Mohan alinifundisha hayo kwa kunizomea, nami nilijifunza haraka kwa sababu sipendi kuzomewa. Kufikia mwaka ule wateja walikuwa wakija, yeye anawaketisha, anawapa chai, kisha ananiita: "Mogaka, veve tafutia memsahibu mti yake." Nilikuwa na kiburi sana cha kazi ile, na sijakiacha mpaka leo.

Karakana ilikuwa jengo refu la mabati, na upande wa nyuma, ikitenganishwa nasi na ukuta wa maganda ya mbao za podo, kulikuwa na chumba kimoja. Chumba hicho kilikuwa cha Karanja, mpiga polishi wetu, mpaka asubuhi ile askari walipopita mjini na malori wakiwakusanya Wakikuyu wote, mwenye duka na mwenye kibarua. Karanja alipanda lori akiwa na mikono myekundu ya polishi, akaniambia nifunike mkebe usikauke. Shati lake la Jumapili lilibaki limetundikwa kwenye msumari ndani ya chumba. Baada ya wiki kadhaa, Kiprono, aliyekuwa akiendesha msumeno pamoja nami, aliomba chumba kile akamleta mkewe Chebet, aliyekuwa karibu kujifungua. Walifagia, wakasiliba sakafu upya, wakaleta kitanda na mafiga. Shati hawakuligusa. Nilimuuliza Kiprono kwa nini, akaniambia, "Mwenyewe atarudi achukue. Wewe ungetaka ukute mtu ametoa yako?" Nilikuwa nakula kwao mchana, ugali na mboga chungu iliyolainishwa kwa maziwa, na kila nilipoinua uso kutoka kwenye sahani nililiona lile shati, limefungwa vifungo vyote, mikono chini.

Wakati huo tulikuwa na kazi kubwa. Memsahibu mmoja wa shamba la upande wa Kabianga aliagiza kabati la nguo la milango miwili, refu kumpita mtu, na milango yake iwe ya vinia. Siku hizi vinia ni neno la kudharau, lakini wakati huo ilikuwa kazi ya heshima kuliko mbao nzima. Unachukua gogo lenye mchoro mzuri, unalipasua kuwa kurasa nyembamba za kubandikwa juu ya mbao nyingine, moja baada ya nyingine, unaziandika namba kwa chaki ili zisipotee mpangilio. Kisha unachukua mbili zilizofuatana unazifungua kama kitabu. Mchoro wa kushoto na wa kulia unakuwa mmoja na kivuli chake. Memsahibu alitaka masaita, mti mgumu wa milima yetu wenye mistari ya moshi. Masaita yetu yote yalitoka kwa Chumo, ndugu mkubwa wa Kiprono, aliyekuwa akipasua magogo ndani ya msitu wa Mau pamoja na wenzake, kwa msumeno wa shimo, mmoja akivuta juu ya gogo na yeye akivuta chini shimoni. Nilimjua vizuri. Alikuwa mtu wa kucheka, mrefu, mwenye sugu kwenye viganja ngumu kuliko kwato, na kila mzigo wake ulipofika tulikuta ameandika kwa makaa kwenye ubao wa juu salamu fulani ya utani, mara nyingi ikinihusu mimi na ukapera wangu. Tulingoja masaita yale miezi mitatu. Msitu ulikuwa umefungwa kwa ajili ya vita, hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila kibali, na waliotoka walisema hawakumwona. Mwishowe Fundi Mohan akasema hatuwezi kungoja mtu asiyekuja, nichague mti mwingine.

Nilichagua mvule. Kulikuwa na gogo moja lililotoka Uganda kwa reli, likashushwa stesheni ya Lumbwa, likalala uani kwetu mwaka mzima. Nililigonga likaitika vizuri. Lilikuwa limekatwa mahali shina linapogawanyika panda, na mafundi wote wanajua kwamba hapo ndipo mti unapoficha mchoro wake wa ajabu, kwa sababu mishipa ya matawi mawili inasongamana ikitafuta njia. Sikuwa na shaka nalo. Fundi Mohan alilitazama muda mrefu akanionya mambo mawili: kwamba mvule huwa na mawe ndani, mawe kabisa, meupe, ambayo mti huyatengeneza wenyewe, na kwamba vumbi lake halina urafiki na pua ya mtu. Nikamwambia tutajifunga vitambaa. Niliandika jina la memsahibu kwenye kichwa cha gogo, na mwandiko ulikuwa wangu.

Sasa niseme habari ya mtoto. Chebet alijifungua mwanzoni mwa mvua kubwa, mtoto wa kiume, na mama yake Kiprono, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, alikuja kutoka Merigi kumwangalia. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mkavu, mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, na hakupenda maneno mengi. Mtoto alilia siku tatu za kwanza, tukasema ni kawaida. Akalia wiki ya kwanza na ya pili. Hakuwa analia kwa nguvu. Ilikuwa sauti nyembamba isiyopanda wala kushuka, na ilipenya ukuta wa maganda siku nzima tukiwa kazini, hata msumeno ulipozimwa uliendelea kuisikia, usijue kama ni yeye au ni masikio yako. Alikataa titi. Walimkamulia maziwa ya mama kwenye kijiko, akayatema. Kufikia wiki ya tano alikuwa amebaki kichwa na mbavu. Siku hiyo tukila, Kiprono aliniambia shida waliyoiona wao.

"Ni jina," alisema. "Tulimpatia jina si yake."

Nikamwambia mimi naona ni tumbo, apelekwe hospitali.

"Tulienda. Walisema hana ugonjwa. Mogaka, kwetu mtoto haji peke yake. Iko mtu wa zamani anarudi na yeye. Wamama wanaita majina ya wale walikufa, moja moja, na mtoto akisikia yake anapiga chafya. Huyu alipiga chafya kidogo, wakasema ni babu yangu. Sasa Kogo anasema hapana, haikuwa chafya, ilikuwa kikohozi. Ataita tena."

"Na wakiita jina la mtu ambaye hajafa?"

Kiprono aliacha kutafuna akanitazama. "Hiyo haiitwi," alisema.

Tulipasua lile gogo asubuhi iliyofuata. Sikujua kwamba ndiyo asubuhi Kogo aliyoichagua, na hata ningejua nisingefikiria kitu, maana kichwa changu kilikuwa kwenye mvule. Kiprono alikuwa ametumwa mjini, kwa hiyo tulikuwa mimi na Fundi Mohan, vitambaa puani. Kupasua vinia kwa msumeno wa mashine ni kazi ya subira. Unasukuma gogo mara moja, ukurasa unatoka mwembamba, unene wa ukucha, unazima, unaupokea kwa mikono miwili, unaandika namba, unapima tena, unawasha. Kwa hiyo kulikuwa na kelele na kimya, kelele na kimya. Katika vimya vile nilianza kumsikia Kogo upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimeshaelewa Kikipsigis cha kutosha. Alikuwa akiita majina polepole, akitaja jina, akingoja, akitaja jingine. Maritim. Kimya. Tonui. Kimya. Mtoto alikuwa analia ile sauti yake. Tulipofika ukurasa wa saba, msumeno ulipiga yowe na cheche zikaruka, tukazima tukakuta jiwe ndani ya mti, jeupe, ukubwa wa jicho la ng'ombe. Fundi Mohan aliling'oa kwa patasi akaliweka dirishani. Vumbi lilikuwa limejaa karakana, la manjano, linaelea kwenye miale iliyopenya matundu ya misumari ya bati, na nililiona likipita taratibu kwenye nyufa za ukuta kuelekea chumbani. Nililiona kwa macho yangu. Nikapiga chafya ndani ya kitambaa, Fundi Mohan naye akapiga. Kisha nikamsikia Kogo, amechoka, majina yamemwishia, akimwambia Chebet, "Angekuwepo Chumo angetukumbusha wengine."

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, safi, na baada yake kilio kikakatika. Wiki tano tulikuwa tumeishi ndani ya kilio kile, na kilipokoma nilishika ukingo wa meza. Nilimsikia Chebet akiuliza kwa sauti ya chini sana, "Mama, umemwita nani?" Muda ukapita, sijui kiasi gani, kisha nikasikia mtoto akinyonya, kwa pupa, akikwama pumzi na kuanza tena. Fundi Mohan aliweka mkono kwenye swichi akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia niko tayari, tukaendelea na ukurasa wa nane.

Jioni hiyo Kiprono aliporudi alikuta mama yake amekaa nje ya mlango, ameshanyoa nywele. Na yeye akanyoa. Hakukuwa na maiti wala kaburi, lakini walimlia Chumo kwa siku zote zinazotakiwa, jamaa wakaja kutoka Merigi na hata Chebunyo, wakanywa chai uani kati ya magogo yetu, wakisema kwa sauti za chini kwamba msitu ule siku hizi unakula watu. Mtoto akaitwa Chumo. Alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya. Mimi nilikuwa nimejaa neno moja tu, vumbi, nikatembea nalo mdomoni wiki nzima. Nilifikiria kumwambia Kiprono: ndugu yako hajafa, ile chafya ni vumbi la mti wangu. Lakini nikisema hivyo namwondolea mtoto jina, na nikimwondolea jina, je, akianza tena ile sauti? Mimi ni Mkristo, nilikuwa nimebatizwa mtoni nikasema nimeacha mambo hayo. Hata hivyo niliogopa. Nilimweleza Fundi Mohan. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Veve fundi ya mbao. Mtoto napona. Vacha." Nikaacha. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga, na Chumo hakuwepo.

Kurasa za vinia zilipokauka nilizifungua mbili mbili mezani. Nilichagua namba saba na nane, kwa sababu mchoro ulikuwa umekolea zaidi hapo, kuzunguka mahali palipokuwa na jiwe. Nilipoziunganisha, mtu alisimama katikati. Sisemi mfano wa mtu. Alikuwa na mabega, kichwa kilichoinama kidogo, mikono miwili iliyoinuliwa mpaka kwenye pembe za milango, na pale jiwe lilipong'olewa kulikuwa na mashimo mawili yaliyolingana, moja kila upande. Fundi Mohan alitazama akaniambia nizigeuze juu chini, itakuwa kama manyoya ya ndege. Nikageuza. Ilikuwa kama manyoya, mpaka ulipopita ukatazama nyuma. Niliziba mashimo kwa vinia na gundi ya kwato, na tulipobandika milango niliikandamiza mimi mwenyewe, gundi ikinuka karakana nzima. Kabati lile lilikaa kwetu miezi, kwa sababu Karanja hakuwepo na mimi nilikuwa najifunza polishi kwa kuharibu na kukwangua upya. Kila nilipokwangua, vumbi la mvule liliruka tena, nami nikaanza siku kwa chafya kumi.

Ilikuwa katika kukwangua huko, mwaka ukielekea kuisha, siku ya mvua nyepesi, kama saa nne asubuhi. Kiprono alikuwa amekwenda Lumbwa na lori, Fundi Mohan yuko kwa mteja, Chebet yuko sokoni. Niliinua uso nikamwona mtu amesimama ndani ya mlango wa karakana, mrefu, amekonda, amejifunga ngozi mabegani na mguu mmoja umepinda chini ya goti. Aliniambia, "Mogaka, bado hujaoa?"

Chumo alikuja mpaka mezani, akicheka, akinipa mkono, nami nikaupokea. Mkono ulikuwa na joto na zile sugu zake. Aliniambia kwa maneno machache. "Mti uliniangukia. Wale wenzangu walikimbia, walidhani nimekwisha. Ogiek, wale wawindaji wa msitu, walinitoa chini yake, wakanilisha asali mpaka mfupa ikashika. Ilikuwa wakati wa mvua kubwa." Alikuwa anaangalia milango ya kabati akiongea. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mvule. Tulikaa pale, mimi nikitafuta mahali pa kuanzia, vumbi limetuzunguka, mimi nafuta pua na kuifuta tena. Kisha nikamwambia yote, kwa Kikipsigis changu. Nilimwambia habari ya kilio, majina, jiwe, nyufa, na chafya, nikamwambia kwamba walinyoa. Nikamwambia kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyechagua mti ule na mimi ndiye niliyenyamaza. Chumo alisikiliza kichwa kimeinama, halafu akacheka mpaka akashika meza.

"Kwa hivyo mimi ni mzimu," alisema. "Wacha niende nitishe mama."

Tulizunguka nyuma pamoja, mimi mbele. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda akimnywesha mtoto maziwa, na mtoto alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono yake miwili. Chumo aliinama chini ya kizingiti, akamwita mama yake kwa Kikipsigis, neno moja tu, kama anavyoita mtoto akirudi kutoka malishoni. Mkono wa Kogo ukasimama. Alianza kutazama miguu yake, ule mzima na ule uliopinda, akapanda polepole mpaka usoni, na alipofika usoni nilimwona anamjua. Mtu hawezi kunidanganya hapo. Nilimwona anamjua mwanawe kama ninavyojua kiganja changu. Akamvuta mtoto karibu na kifua. Kogo alikuwa na maneno ya Kiswahili pengine hamsini, aliyoyatumia sokoni na kwa watu wasiojua lugha yake, na hayo ndiyo aliyoyatafuta.

"Karipu, mkeni," alisema. "Kaa chini. Umetoka mpali?"

Mvua iligonga bati. Chumo alibaki ameinama pale mlangoni, na kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alimtazama mama yake, akamtazama mtoto, mashavu yake na mapaja yake yenye mikunjo. Kisha akaketi chini, mahali pa mgeni, karibu na mlango. Kogo alimmiminia mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, kwenye kikombe cha bati walichowapa watu wa nje, akampa kwa mikono miwili. Akanywa. Akauliza kwa Kiswahili, "Mtoto anaitwa nani, mama?"

"Chumo," alisema Kogo.

"Ni jina nzuri. Mchunge yeye vizuri."

"Asante, mkeni."

Nilikuwa nimesimama kati yao nimejaa hasira, na sijui mpaka leo hasira ile ilikuwa ya nani. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu ni mwanao. Sikupiga. Chumo aliweka kikombe chini, akashukuru, akatoka, nami nikamfuata mpaka kwenye lango la uani. Nilimwambia atulie, Kiprono atarudi jioni, tutaongea na wazee, hakuna sheria ya jambo kama hili, wataitafuta. Alinisimamisha kwa mkono.

"Alikuwa anakufa kweli?"

"Alikuwa amebaki mbavu," nikasema.

"Basi wacha. Usiambie Kiprono."

"Utaenda wapi?"

"Pale mti uliniangukia," alisema. "Wale Ogiek hawana shida na jina yangu." Akanipa mkono tena, akashika barabara ya Lumbwa akichechemea, na mvua ikamfunika kabla hajafika kwenye kona. Hakuna aliyemwona tena, na sijawahi kusikia habari zake. Nilimuuliza kila mkata mbao aliyetoka Mau kwa miaka kumi.

Nilirudi chumbani nikiwa nimeamua kumwambia Kogo neno langu lote, heshima au si heshima. Alikuwa bado pale kwenye kigoda. Macho yake yalikuwa makavu, lakini kanga ilikuwa imelowa kifuani, na kibuyu cha mtoto kilikuwa wima, hakijamwagika. Sikupata nafasi ya kuanza.

"Nilikusikia ukimwambia," alisema kwa lugha yake, akionyesha ukuta kwa kidevu. "Vumbi."

"Ni vumbi, Kogo. Halikuwa jina. Mimi mwenyewe nilipiga chafya, na Kalasinga naye."

"Mimi pia nilipiga. Nilipiga kabla ya mtoto." Aliingiza mkono kiunoni akatoa pembe ndogo ya ugoro, akaigonga kwenye kiganja. "Unadhani sisi hutumia nini? Unadhani mtoto hupiga chafya hivi hivi? Tunamtia ugoro puani, halafu tunaita. Nilimtia ugoro siku ile mpaka ukaisha, akakataa kila aliyekufa. Likaja vumbi lako. Wanaorudi hawachagui kinachowafungulia mlango."

"Basi yule aliyekunywa maziwa ni nani?"

Alimhamishia mtoto begani akampapasa mgongo. "Mlikaa naye karakana muda gani?"

"Kitambo."

"Wewe unakwangua?"

"Nilikuwa nakwangua."

"Alipiga chafya, kama walio hai?"

Nilisimama pale nikikumbuka: mimi na pua yangu, miale ya vumbi, na Chumo akiwa ameegemea meza, akinisikiliza mwanzo hadi mwisho, uso wake umetulia. Nilijua alikuwa hai. Niliushika mkono wake mara mbili, na nilijua pia kwamba mtu aliyeishi miaka yote ndani ya shimo la msumeno, unga wa mbao ukimwangukia usoni, pua yake ilikwisha kufa ganzi zamani. Jibu hilo lilikuwa mdomoni mwangu, tayari. Kogo alikuwa akinitazama, na niliona kwamba naye alilijua, na kwamba alikuwa ananiomba nisiliseme. "Hapana, Kogo," nikasema. "Hakupiga." Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nimshikie mtoto ili aoshe kikombe. Nikampokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, amechangamka, anapapasa kifua changu kwa vidole, na mimi ambaye miezi yote ile sikuwahi kulitamka jina lake nikamwinua usawa wa uso wangu nikamwita, Chumo.